Hiyo mnayoiita "UTI sugu"

Nasikia kila wiki hapa Pemba: "Daktari, UTI yangu sugu imerudi." Dada wa watu ameshameza dawa za dukani za kila aina. Mkojo ukipimwa una chembe za usaha, basi anaandikiwa nyengine. Hakuna aliyemuuliza kama anatokwa na uchafu, anaumwa chini ya kitovu au anaona damu baada ya tendo la ndoa.

UTI ya kurudi rudi ipo. Lakini mkojo wenye usaha ambao ukioteshwa maabara hauoti kitu unanifanya nifikirie klamidia, ugonjwa wa zinaa. Bakteria wake hukaa ndani ya seli za shingo ya kizazi na za njia ya mkojo.

Dawa si kazi: doksisaiklini miligramu 100 asubuhi na jioni, siku 7. Mjamzito hupewa azithromaisini gramu 1 mara moja. Wiki hiyo hakuna kukutana. Baada ya miezi 3, pima tena.

Kazi ni mume. "Mimi sina kitu, mtibu yeye." Bwana, wanaume wengi wenye klamidia hawahisi lolote, na wanawake ndio zaidi. Asiyehisi naye anaambukiza. Mke akitibiwa peke yake anaupata upya kitandani kwake, kisha anaambiwa dawa zimemshinda. Na ukiwa na wake wawili, wote wawili watibiwe, hata kama hawasemezani.

Halafu huja swali: nani kauleta? Hakuna kipimo kitakachokujibu. Klamidia hukaa kimya miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Huenda mmoja wenu aliingia nayo kwenye ndoa hii kutoka ndoa iliyopita. Nawaombeni, msiandikiane talaka kwa karatasi ya maabara.

Na mimi nina mashaka yangu. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachoikamata vizuri, nacho hakipo kila kituo, kwa hiyo mara nyingi tunatibu kwa kufuata dalili. Wapo ninaowapa dawa na huenda hawana klamidia. Wasio na dalili hawaji kabisa, na hao ndio wanaonikosesha raha, kwa sababu ugonjwa ukipanda kwenye mirija ya uzazi huacha makovu. Dawa inaua bakteria, kovu inaliacha pale pale. Wengi watazaa kama kawaida. Wengine watahangaika kutafuta mtoto, au mimba itatunga ndani ya mrija, na siwezi kumwambia mtu mapema yeye atakuwa wapi.

Kwa hiyo ukikosa siku zako, tumbo likakukata upande mmoja, ukaona kizunguzungu au damu, usiende kukandwa wala usingoje kukuche. Tafuta gari uje hospitali usiku huo huo.