Kwa nini pampu iliyo juu ya kisima hushindwa kupandisha maji wakati wa kiangazi?

Kiangazi kinapokolea mjini Tabora, kati ya Agosti na Oktoba, baadhi ya wenye visima majumbani hukuta pampu inanguruma bila kutoa hata tone, ilhali wakichungulia kisimani maji bado wanayaona. Wengi hukimbilia kununua pampu yenye nguvu zaidi, na inasikitisha kuona fedha hiyo ikipotea, kwa sababu kasoro haiko kwenye mota.

Ukweli ni kwamba pampu iliyofungwa juu ya ardhi haivuti maji kama mtu anavyovuta ndoo kwa kamba. Kazi yake ni kupunguza kani ya hewa ndani ya bomba; kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa ya nje, unaoyakandamiza kule kisimani. Uzito huo una kikomo. Katika usawa wa bahari hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10.3 hivi, hata mota iwe kubwa kiasi gani. Evangelista Torricelli wa Italia alilieleza jambo hili katika miaka ya 1640 kwa kutumia zebaki, ambayo kwa kuwa ni nzito mno husimama kwenye mrija kwa kimo cha sentimita 76 tu.

Tabora iko takribani mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kikomo hushuka hadi karibu mita 9. Ukiondoa msuguano ndani ya bomba na viungo vinavyopenyeza hewa, fundi makini hakuahidi zaidi ya mita 6 au 7. Kisima ambacho maji yake yako mita 5 kutoka kwenye pampu mwezi Machi hakina shida. Yakishuka hadi mita 9 mwezi Oktoba, pampu ileile hubaki ikinguruma bure.

Kinachowapotosha wanunuzi ni kibao cha pampu. Namba kubwa iliyoandikwa pale, kwa mfano mita 40, ni kimo ambacho pampu inaweza kuyasukuma maji, si kina inachoweza kuyatoa. Kabla ya kununua, funga jiwe kwenye kamba, lishushe mwishoni mwa kiangazi, kisha pima kutoka mahali pampu itakapokaa hadi kwenye uso wa maji, wala si hadi chini ya kisima.

Maji yakiwa mbali kuliko hizo mita 6 au 7, inafaa pampu ya kuzamisha, ambayo huyasukuma kutoka chini na kwa hiyo haifungwi na uzito wa hewa. Iwekewe kifaa cha kuizima maji yanapopungua, maana maji hayo ndiyo yanayoipoza. Wapo wanaoteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima ili iyakaribie maji: hilo lisifanyike kamwe, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya mle shimoni na kumuua anayeshuka.