Je, familia mwenyeji ughaibuni ni mdhamini wa mwanafunzi?

Wazazi wengi hapa Dodoma huamini kwamba kijana anayekwenda kusoma ng'ambo akipokelewa na familia mwenyeji, familia hiyo itabeba chakula na matibabu yake, na hata kumpatia viza. Imani hii ina mizizi, kwani katika nyumba zetu mgeni hutengewa ugali na mlenda bila kuulizwa atakaa hadi lini.

Kwa kawaida, hata hivyo, mwanafunzi wa lugha hulipia chumba kwa wiki au kwa mwezi, na mkataba ukitaja chakula cha asubuhi na jioni tu, cha mchana ni juu yake. Ipo mipango ambayo familia hailipwi, kama ule wa Marekani wa kubadilishana wanafunzi wa sekondari kwa viza ya J-1, lakini hata huko viza hutolewa na serikali. Ujerumani nayo ina utaratibu wa vijana wa miaka 18 hadi 26 wanaosaidia kulea watoto wa mwenyeji, kwa muda usiozidi saa 30 kwa wiki, wakipewa malazi, chakula na posho. Huo nao si ufadhili wa masomo.

Kuhakiki hakuhitaji wakala. Soma masharti ya viza katika tovuti ya serikali ya nchi husika, kisha pitia mkataba kifungu kwa kifungu ukitafuta nauli, ufuaji wa nguo, notisi ya kuhama na, zaidi ya yote, bima ya afya. Anayedai fedha kwa ahadi kwamba familia itatoa viza, mwombe kwanza akuonyeshe sharti hilo katika tovuti hiyo.