Hoagie, grinder, zep, po' boy: kila jina na masharti yake

Mteja wa Connecticut akiagiza sandwichi ya grinder hapa Philadelphia, huenda akaletewa kitu asichokizoea. Kwao, na sehemu nyingi za New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, grinder ni mkate mrefu wowote uliopasuliwa na kujazwa nyama na jibini, uwe wa moto au wa baridi. Jikoni kwetu ni hoagie, yaani sandwichi ya mkate mrefu ya Philadelphia, iliyotiwa ovenini mpaka jibini ikayeyuka. Kutengeneza sandwichi hizi ndiyo kazi yangu, na huniuma kusoma kwamba majina haya yote ni kitu kimoja.

Chukua zep ya Norristown, mji ulio nje kidogo ya Philadelphia. Mgeni ataona hoagie tu. Lakini zep haiwekwi letusi kabisa, na nyama yake ni ya aina moja, kwa kawaida salami; kisha jibini ya provolone, nyanya, kitunguu kilichokatwa kinene, mafuta na pilipili. Ongeza letusi uone wenyewe watakavyoikataa.

Po' boy ya New Orleans ndiyo inayonipendeza zaidi, maana siri yake imo kwenye mkate. Mwaka 1929 wafanyakazi wa tramu waligoma, na ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, waliowahi kuwa makondakta, wakaahidi kuwalisha bure. Mkate wa Kifaransa wa siku hizo ulikuwa na ncha nyembamba, ukikatwa vipande ncha zinabaki. Kwa hiyo mwoka mikate John Gendusa akawaokea wenye upana ule ule mwanzo hadi mwisho. Ganda lake ni jembamba, likibanwa linapasuka kwa mlio, na ndani ni mwepesi kama pamba. Ndani yake huwekwa chaza au kamba wa kukaanga, au nyama ya ng'ombe iliyolowa mchuzi. Ukisema "dressed" utawekewa letusi, nyanya, achari ya matango na mayonesi. Mayonesi hapo ni mahali pake. Kwenye hoagie ya Kiitaliano, kwa maoni yangu, inaua ladha ya mafuta, siki na oregano.

New York wanasema hero, ya baridi au ya moto. Ile ya vitufe vya nyama na sosi ya nyanya inahitaji mkate wenye ganda gumu, kwani mkate laini unaotumika Portland, Maine, kwa sandwichi wanayoiita Italian, ungelowa na kukatika mkononi. Sub nayo, kifupi cha submarine (nyambizi), inaeleweka karibu Marekani nzima, ila inakutajia umbo tu. Kuhusu mkate na kilichomo, itabidi uulize kaunta.