Je, wajua akili mnemba hubashirije kisukari cha mimba kabla sukari haijapanda?

Kisukari cha mimba mara nyingi hakina dalili. Kondo la nyuma linapokua hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, ambayo ndiyo hushusha sukari katika damu, na kongosho la mama lisipomudu kuongeza insulini ya kutosha, sukari hupanda katika damu na kumfikia mtoto, ambaye huweza kunenepa kupita kiasi na kuufanya uzazi kuwa wa hatari. Kipimo chake kwa kawaida hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mjamzito hufika akiwa hajala tangu usiku, hutolewa damu, hunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa katika maji, kisha hukaa akisubiri kutolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kiwango cha milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili, kimoja tu kikifikiwa, kinatosha kuthibitisha ugonjwa.

Programu ya akili mnemba haipimi sukari. Hulishwa kumbukumbu za wajawazito wengi ambao inajulikana kama waliugua au la, kumbukumbu hizo zikiwa ni umri, uzito, historia ya kisukari katika ukoo na majibu ya maabara ya miaka iliyopita, ikajifunza ni mchanganyiko upi wa mambo hayo huwatangulia wanaougua. Utafiti wa Israeli uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Medicine ulitumia kumbukumbu za mimba 588,622, kila moja ikiwa na taarifa zaidi ya 2,000. Kinachonivutia zaidi ni kwamba maswali tisa tu, ambayo mama anaweza kuyajibu mwenyewe, yalitoa ubashiri uliopungua usahihi kwa kiasi kidogo.

Miongoni mwa taarifa zilizokuwa na uzito mkubwa ni majibu ya kipimo cha sukari cha mimba iliyotangulia, na hapo ndipo udhaifu wa programu unapoonekana, kwa kuwa mwenye mimba ya kwanza hana majibu hayo, na ambaye kumbukumbu zake hazikutunzwa ni kana kwamba hajawahi kupimwa. Isitoshe, wanawake wenye asili ya Asia hupata ugonjwa huu wakiwa na uzito mdogo kuliko wenye asili ya Ulaya, hivyo programu iliyofunzwa kwa jamii moja inaweza kuwapita walio hatarini katika jamii nyingine.

Kwa maoni yangu, alama kubwa ya hatari inayotolewa na programu iwe sababu ya kumpima mama mapema na kumshauri kuhusu lishe, lakini alama ndogo isimwondolee kipimo cha wiki ya 24. Nayo programu, kabla ya kutumiwa mahali papya, ijaribiwe kwanza kwa wajawazito wa pale pale, kila aliyebashiriwa akifuatiliwa hadi majibu yake ya glukosi yapatikane.