Shakwe wa bara hajapotea njia

Nimeulizwa tena: "Huyu shakwe kafuata nini huku bara, au bahari imeishiwa samaki?" Hajafuata kitu. Huenda kaangulika huku huku.

Shakwe kichwa-kijivu huzaliana Ziwa Viktoria na Turkana. Wa Andes, milima ya Amerika Kusini, hutaga kwenye maziwa yaliyo juu ya mita 3,000. Wa Franklin hulea makinda vinamasini katikati ya Amerika Kaskazini, na pwani ya Peru na Chile huenda kukimbia baridi tu. Jimbo la Utah, Marekani, halina hata hatua moja ya pwani, na ndege wake rasmi ni shakwe.

Sasa lile linalonichosha: "Ana tezi za chumvi, kwa hiyo hawezi kuishi bila bahari." Tezi anazo, juu ya macho. Chumvi ikizidi kwenye damu huichuja, majimaji yakatoka puani na kuning'inia kwenye ncha ya mdomo. Akitikisa kichwa, yamekwenda. Lakini kuweza kutoa chumvi si kuihitaji! Mwekee maji yasiyo na chumvi na ya bahari, atakunywa yasiyo na chumvi. Akikaa muda mrefu bila chumvi, tezi zenyewe husinyaa, naye yu mzima.

Kuna na wa "majalala ndiyo yamewaleta". Majalala yamewaongeza mijini, sikatai, na mapaa yamewapa pa kutagia mbali na mbweha. Ila vinamasi vilikuwa na shakwe kabla ya jalala la kwanza. Trekta likilima, huwa nyuma yake wakiokota minyoo. Wadudu wakiruka kwa makundi, huwadaka hewani. Jioni hutafuta maji ya wazi walale, hata bwawa la kuhifadhia maji linatosha.

Mtazame kwenye nyasi fupi: anapigapiga miguu papo hapo, anasita, anainamisha kichwa, mnyoo huyo. Tunafundisha kwamba mnyoo hudhani ni mvua. Wengine husema hudhani ni fuko anayechimba, akakimbilia juu. Mimi ile ya mvua naifundisha kwa shingo upande.

Na kama bado unataka kanuni moja, nakupa shakwe kijivu wa Chile. Chakula chake kiko baharini, lakini hutaga katikati ya jangwa la Atacama, makumi ya kilomita kutoka pwani. Mzazi mmoja hubaki kulikinga yai na jua, mwenzake akaenda kutafuta chakula, kisha wakapokezana.