"Akifika Miaka Saba ni wa Baba" na Mengine Tunayoambiana Baada ya Talaka

Nilikuwa darasa la tano, Tanga, siku shangazi upande wa baba alipoingia uani na begi tupu. Amekuja kunichukua. "Saba zimepita kitambo," alimwambia mama, "mmemkalisha tu." Mama hakubishana. Akaanza kukunja sare zangu za shule. Wote wawili waliamini jambo moja, na wote wawili walikosea.

Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, inaitaja kweli hiyo miaka saba. Ila inachosema ni kwamba mtoto aliye chini ya umri huo huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, mpaka ithibitike vinginevyo. Haisemi popote kwamba akishatimiza saba anahama kama mpangaji aliyemaliza kodi. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama hutazama matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kusema lake, na mila za jamii yao. Kwa hiyo mila alizokuja nazo shangazi zimo, ila hazikalii kiti cha mbele. Tena kifungu hichohicho kinaitaka mahakama ikumbuke ubaya wa kumvuruga mtoto kwa kumhamishahamisha. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilikaa kwa baba mihula miwili, nikarudishwa na begi lilelile.

"Anayekaa naye ndiye amlipie."

Hii nimeibeba miguuni. Jumamosi mama alikuwa akiniandikia kiasi cha ada ya sekondari kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, naishika mpaka dukani kwa baba, Ngamiani. Alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli na pikipiki. Nakaa juu ya dumu la oili, nasubiri wateja wapungue, na hawapungui. Mwishowe anaisoma ile karatasi huku anafunga tairi kwa kamba: "Mwambie mama yako mtoto yuko kwake, amsomeshe." Mteja anacheka kidogo, kwa adabu.

Wajibu wa baba kumlisha, kumvisha, kumpa mahali pa kulala na kumsomesha mwanawe haukomi kwa sababu mtoto analala nyumba nyingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaongeza kwamba mtoto anastahili matunzo na elimu ya kiwango alichokuwa nacho kabla wazazi hawajaachana. Mzazi akikataa, pa kuanzia ni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Ikishindikana huko, mahakamani. Mama hakwenda. Aliona aibu ya kumshitaki mtu aliyezaa naye, akaona afadhali anitume mimi.

"Hatoi hela, basi na mtoto hamwoni."

Hapa aliyekosea ni mama, na imenichukua miaka kulisema bila kuona namsaliti. Kutembelea na kulala kwa mzazi mwingine ni haki ya mtoto, mradi masomo yasivurugike. Si risiti ya malipo. Mzazi anayepiga au kudhuru ni habari nyingine, na mahakama inaweza kumzuia. Ila baba yangu kosa lake lilikuwa mkono mgumu wa kutoa.

"Umefika 18, hunidai."

Kwa kawaida amri ya matunzo hukoma hapo, ndiyo. Lakini kama kijana bado yuko masomoni, mahakama inaweza kuiendeleza.

"Hakumlea, hana sauti kwenye ndoa yake."

Nilipoposwa, ugomvi ulifufuka kana kwamba talaka ilitoka jana. Wajomba wakasema baba asiitwe. Upande wa baba wakasema aitwe, na mahari apewe yeye. Sheikh wa mtaani aliwasikiliza wote, akawakosoa wote kwa sentensi mbili: talaka huvunja ndoa, haivunji nasaba, kwa hiyo walii, yaani msimamizi wa kumwozesha binti, ni baba, na mahari ni ya bibi harusi, si ya baba wala si fidia ya mama kwa kulea. Mjomba mkubwa akaomba maji ya kunywa.

Baba akaja, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kabla ya kutoka kwenda msikitini aliletwa chumbani kuniuliza kama nimeridhia. Miaka yote ile ya karatasi na dumu la oili, hakuwahi kuniuliza jambo langu mwenyewe. Nikamwambia nimeridhia. Akasimama pale, anazungusha kofia mkononi.

"Mwambie mama yako…" akaanza.

Nikamwambia, "Yuko chumba cha pili, baba. Mlango uko wazi."