Chuma cheupe cha nyonga si chuma kilichokwisha kutumika

Lubumbashi, jamaa za mgonjwa wakioneshwa nyonga ya bandia yenye shina (kipande kinachoingia ndani ya mfupa wa paja) jeupe, linalokwaruza kama ukuta usiopigwa lipu, huenda wakaamini kuwa ilishatumiwa na mtu mwingine. Kipya, husemwa, sharti king'ae.

Weupe huo ni hidroksiapatiti, kalsiamu na fosfati, jamaa ya madini ya mfupa wenyewe. Unga wake hupulizwa kwa plazima, gesi yenye joto kali, juu ya chuma cha titani. Matone yaliyoyeyuka hubamizika na kulaliana kama chapati, yakiacha vitundu na nyufa ambazo jicho halizioni. Mfupa hushika juu ya tabaka hilo. Unene huwa mara nyingi mikromita 50 hadi 150, yaani unywele mmoja au miwili. Tabaka nene mno hupasuka na kubanduka; jembamba mno huweza kuyeyuka kabla mfupa haujashika.

Shina linalogandishwa kwa simenti ya mifupa halihitaji tabaka hilo, na mengine hung'arishwa makusudi. Mng'ao basi hauamui kitu, na radio, yaani picha ya eksirei, haitawaonesha tabaka lenyewe. Mwombeni munganga lebo ya pakiti: tafuteni herufi HA (hidroksiapatiti), tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na tarakimu 2 iliyokatwa kwa mstari ndani ya duara, maana yake kisitumiwe tena. Lebo hiyo ibandikwe kwenye fishi, karatasi ya matibabu ya mgonjwa.